Sahihi Uliyoniomba Jumapili

Naliaka mwanangu,

Mmeenda Kimilili na mama yako kununua godoro, na nyumba imenyamaza. Nimezima redio, nimefukuza kuku waliokuwa wanaingia jikoni, nimekaa kwenye meza hii uliyofanyia hesabu zako tangu ulipokuwa huwezi kufikisha miguu chini. Mambo ya sufuria, ya kanisa utakalosali huko Bumula, ya mwavuli na ya vijana, hayo mama yako anakuambia sasa hivi njia nzima, na akirudi atayarudia. Mimi nina jambo moja tu.

Jumapili, tukitoka kanisani, uliniomba nitie sahihi karatasi za kampuni ya mbegu iliyokuajiri. Ulisema, "Baba, si ni kusaini tu? Wewe ukianza, huku kwetu kote watafuata. Bosi amesema nikianza na nyumbani, hata mambo ya majaribio ya kazi hawatanisumbua nayo." Nilisema ninaenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe hakuwa na shida yoyote. Tangu siku hiyo umekuwa ukinitazama tukila, na mimi nimekuwa nikisifu mboga.

Kesho asubuhi pikapu ya kampuni itakuja kukuchukua, na bosi wako atashuka na zile karatasi mkononi. Kwa hiyo jibu lazima ulipate leo. Ninaliandika kwa sababu nikianza kwa mdomo nitapandisha sauti, na wewe ukipandishiwa sauti unafunga mdomo kama mama yako, halafu tutaachana vibaya na hujui utarudi lini. Soma yote kabla hujakasirika. Ukishafika mwisho, una ruhusa.

Wewe umesomea kilimo cha mbegu, na najua unaweza kunifundisha. Lakini mimi niliifanya kwa mikono, kwa hiyo vumilia nikueleze kama vile hujui. Shamba la mbegu ya kampuni lina mistari michache ya kiume na mistari mingi ya kike. Ile ya kike lazima ing'olewe ua la juu kila asubuhi kabla halijafunguka, ili ipate unga wa maua kutoka kwa ile ya kiume peke yake. Hapo ndipo mbegu ya dukani inapotoka. Shida ni kwamba upepo hauna adabu. Ukileta unga kutoka kwa mahindi ya jirani, mbegu imeharibika na shamba zima linakataliwa. Ndiyo maana kampuni haiwezi kuchukua shamba la mtu mmoja. Inataka mteremko mzima, kila boma likubali kwamba halitapanda mahindi mengine, hata mstari mmoja nyuma ya jikoni.

Na kwa sababu inataka kila boma, inahitaji mtu wa kuwaingiza watu. Kampuni haiwezi kubisha mlango wa Mzee Njoroge, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, ikaambiwa karibu chai. Mimi naweza. Ulipokuwa bado unang'oka meno, kampuni ilipokuja hapa Ndalu mara ya kwanza, mtu huyo nilikuwa mimi. Walinipa buti, koti la mvua na kofia yenye alama yao, wakaniita Chairman. Mwanangu, sitakudanganya, niliipenda ile kofia. Niliivaa kwenye mazishi. Mama yako aliwahi kuniuliza kama ninataka kuzikwa nayo.

Nilizunguka na yule afisa wao wa kwanza boma kwa boma. Yeye alikuwa anaeleza, mimi nilikuwa ninakaa tu. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya, kukaa. Wewe unajua watu wetu. Mtu akikaa kwako, akanywa chai yako, akauliza habari ya mgonjwa wako, halafu akasema, "Na mimi nimeshatia sahihi," utamwambia nini? Njoroge alikunja uso, akakuna kichwa, akasema, "Wekesa, mimi hii maneno ya kampuni siielewi vizuri, lakini wewe naelewa." Akatia sahihi. Nilifurahi sana. Nilidhani nimesifiwa.

Mama Rispa ndiye alisumbua. Unamkumbuka alivyokuwa akichoma mahindi pale stendi ya Ndalu, kabla mgongo haujamshika. Alikuwa anapanda mapema kwenye kipande cha bondeni, ili awe na mahindi mabichi wakati wengine bado. Alisema, "Sasa mimi nikiacha kupanda nitachoma nini, viatu?" Afisa akacheka, akamwahidi kibarua cha kung'oa maua. Mama Rispa akasema atafikiria. Mimi nikarudi kwake peke yangu jioni, na siku iliyofuata, na siku nyingine, ninakaa tu, ninauliza habari ya watoto. Mwisho alichoka kuniona. Watu wa mteremko huu hawakukubali kampuni, Naliaka. Walinikubali mimi, na mimi nikawachukua nikawakabidhi.

Sasa usidhani ninaandika haya ili kuitukana kampuni. Siwezi kuitukana bila kuitukana digrii yako. Shule yako ya msingi yote na sehemu kubwa ya sekondari ilitoka kwenye ile mistari. Hata kufungua akaunti benki walinifundisha wao, maana hawakulipa kwa mkono. Barabara ya kwenda sokoni ilikwanguliwa na kumwagiwa changarawe ya murram ili malori yao yapite, na wagonjwa wakapita juu ya hiyo hiyo. Wanawake walikuwa na kibarua kila msimu. Asubuhi ungewasikia shambani kabla umande haujakauka, wanang'oa maua wakiimba na kusengenyana, na mchana wanapita dukani kununua sukari bila kukopa. Walinifundisha kupanda kwa mstari, kupima udongo, kuzuia maji yasibebe shamba. Mambo hayo bado ninayafanya, na hakuna aliyekuja kuyachukua.

Kwenye redio ninawasikia wakibishana. Mmoja anasema kampuni za kigeni ndizo zinabeba uchumi wa nchi hii, bila wawekezaji tungelala njaa. Mwingine anasema ni wezi, wanakamua na kupeleka kwao. Mimi huzima. Wote wawili wanaongea kama watu ambao hawajawahi kuwa na kampuni nyuma ya nyumba. Huku kwetu haikuwa mwokozi na haikuwa mwizi. Ilikuwa mgeni tajiri aliyehamia ndani, akalipa vizuri, nasi tukapanga maisha yetu yote kwa saa zake. Hakuna aliyemuuliza anaondoka lini. Mimi niliyekuwa Chairman niliuliza bei, nikauliza mbolea, nikauliza nani atalipia lori. Siku ya kuondoka sikuiuliza, kwa sababu niliona ni kama kumwuliza mgeni wakati chakula kiko mezani.

Nije kwa Kukhu, nyanya yako, maana huwezi kuelewa jibu langu bila yeye.

Nyuma ya jikoni yake mama yangu alikuwa na mahindi yake, yale yenye madoa mekundu na meusi kama kuku wa kienyeji. Alikuja nayo kutoka kwao Bumula alipoolewa, na kila mwaka alichagua mahindi mazuri akayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya moto yapate moshi, wadudu wasiyaguse. Mtu yeyote wa mteremko huu aliyepoteza mbegu yake alienda kwake. Kampuni ilipokuja alitusikiliza hadi mwisho, akaniambia kwa lugha ya kwetu, "Mwanangu, chukueni shamba lote. Nyuma ya jikoni yangu hapana."

Afisa alipoyaona akanivuta kando. "Mzee, hiyo kiplot ya mama itatuangusha sisi wote. Ng'oa, bana. Ataelewa." Nilikosa usingizi. Kung'oa mahindi ya mama yako yakiwa yamefika kifuani si jambo ambalo mtu wa kwetu anafanya na bado aitwe mtu. Lakini shamba la kila mtu lilikuwa linanitazama. Basi nikapata akili. Niliwaza hivi: kampuni haiogopi mahindi ya Kukhu, inaogopa unga wa maua yake tu. Kwa nini nisiyang'oe maua ya juu, kama tunavyofanya kwa mistari ya kike, na mahindi yenyewe niyaache? Kampuni itapata amani yake, na Kukhu atapata mavuno yake.

Nilijiona mjanja kuliko hao wote waliosoma. Unaikumbuka asubuhi hiyo, maana ulilia ukisema ninamnyoa Kukhu mahindi yake. Yeye alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Nikamweleza. Akauliza, "Na yatazaa?" Nikamwambia yatazaa, Mayi, mama yangu, tena vizuri. Akasema sawa, kama yatazaa.

Na yalizaa. Mwaka uliofuata alipanda mbegu aliyotoa hapo, na yakaota kwa nguvu ambayo hakuwahi kuiona, marefu, meusi kwa ukijani. Aliwaita wanawake wenzake waje waone. Aliniita mtoto wa akili mbele yao. Mimi nikang'oa maua ya juu tena, mwaka huo na mwaka mwingine na mwingine, na kila mara aliniletea chai.

Wewe uliyesoma umeshaona nilichokuwa ninafanya. Mahindi yasiyo na ua lake yanazalishwa na ua la jirani, na jirani peke yake hapo ilikuwa ile mistari ya kiume ya kampuni. Kila mwaka nilikuwa ninaiozesha mbegu ya Kukhu kwa bwana yule yule. Msimu wa kwanza ilipendeza. Iliyofuata ikaanza kupungua kimo. Baadaye yakawa mafupi, membamba, ya rangi ya kufifia, na madoa yakapungua kila mavuno. Kukhu alidhani udongo umechoka. Akaongeza samadi. Siku moja nilimkuta ameshika hindi jembamba, analigeuzageuza kama mtu anayetafuta uso wa mtoto wake kwenye picha ya watu wengi. Akaniambia, "Wekesa, haya mahindi hayanijui."

Nilimpuuza, Naliaka. Nilikuwa na mkutano.

Ulikuwa Kidato cha Tatu kampuni ilipoondoka, kwa hiyo sehemu hii unaijua, ingawa unaijua kwa upande wa karo. Kwa upande wangu ilikuja kwa simu. Yule afisa alinipigia, sauti yake imekauka, akasema kampuni yao imenunuliwa na kubwa zaidi huko ng'ambo, na hiyo kubwa ina mashamba yake ya mbegu katika nchi nyingine, kwa hiyo Ndalu haihitajiki. Nikamwuliza aliyeamua ni nani, nikaongee naye. Akasema, "Mzee, hata mimi simjui. Na mimi pia nimeachishwa." Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nikajikuta ninampa pole.

Hilo ndilo ambalo hawalisemi kwenye redio. Haikuwa ubaya wa mtu. Hakuna aliyetuchukia. Mahali fulani watu walikaa mezani wakachora mstari, na sisi tulikuwa upande mbaya wa mstari, na kwa haki kabisa sidhani walijua kwamba kuna mahali panaitwa Ndalu. Ukifukuzwa na tajiri anayekujua, unaweza kwenda kumlilia mlangoni. Sisi mlango hatukuwa nao.

Mvua ilikuwa inakaribia. Njoroge alikuja hapa, hakukaa, alisimama pale mlangoni akaniambia, "Haya Chairman. Sasa tupande nini? Kofia?"

Nilistahili. Hakuna boma lililokuwa na mbegu yake tena. Miaka yote ile tulikuwa tumeambiwa tusipande, na mbegu usiyoipanda inakufa. Tulienda kwenye maduka ya pembejeo, zile agrovet za Kimilili na Kitale, tukasimama foleni kununua kwa pakiti yenye picha kitu tulichokuwa tukikijaza kwenye magunia kwa mikono yetu. Wenye pesa walinunua. Wasio nayo walimwendea Kukhu.

Aliteremsha yote yaliyokuwa juu ya moto. Aligawa mpaka akabaki na kamba tupu. Yakapandwa, yakaota vibaya, yakafika magotini yakaanza kutoa maua kama wazee wa kimo cha watoto. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mama mzee amewapa mbegu yenye mkosi kwa sababu hawakumsikiliza. Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilisimama kanisani baada ya ibada nikaeleza yote, ua la juu, mistari ya kiume, ujanja wangu. Nilifikiri nitapigwa, na nilitaka nipigwe. Kabla mtu hajafungua mdomo Kukhu akasimama kwenye benchi la akina mama. Akasema, "Msimguse. Aliniuliza nikakubali. Ni mimi nilimpa chai." Kisha akakaa, akafungua kitabu cha nyimbo.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Angenilaumu ningepona.

Wiki hiyo hiyo, na miguu yake ile iliyokuwa ikimuuma, alifunga kitambaa akaenda kwao Bumula. Huko kwa kaka zake kampuni ilikuwa haijafika. Alirudi na mahindi machache yenye madoa amefunga kwenye leso, akayapanda nyuma ya jikoni, akakataa nimsaidie. Aliyaona yakirudi kimo chake na rangi yake kabla hajafa. Hayo ndiyo unayoyaona mpaka leo pale nyuma, ambayo mama yako anayapalilia na hataki nikaribie na panga. Mama Rispa ana kipande. Njoroge ana mistari kadhaa, ingawa anasema ni ya kuku.

Ukisema "ni kusaini tu", mwanangu, ndiyo hayo unayoomba yang'olewe. Lakini hilo silo linaloniumiza zaidi. Ninajua unayo sababu. Umetafuta kazi mpaka viatu vikaisha, umerudi kutoka Nairobi na Nakuru ukiwa umejifunga tabasamu ili tusijue, na mimi nilikuwa ninakusikia ukiongea na wenzako kwa simu nje, "Niaje, hakuna kitu bado." Kampuni ile ile, iliyorudi kwa jina jipya, imekuwa ya kwanza kukuambia ndiyo. Ninaiheshimu kwa hilo. Nilipoona barua yako ya kazi nililia, na usimwambie mama yako, nilimwambia ni moshi.

Kinachoniumiza ni mahali wanapokupeleka. Wanakupeleka Bumula. Kazi yako itakuwa kuingia boma kwa boma ukiwaambia wasipande. Safari ile mambo yalipotuharibikia, kulikuwa na Bumula ya kwenda kuomba. Safari hii Bumula umetumwa wewe. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sioni pa kulishika. Siwezi kukuambia usiende, maana nitakulisha nini hapa? Na siwezi kukuambia nenda kwa amani, kwa sababu mimi mwenyewe sina hiyo amani.

Basi nitakuambia tu vile ningefanya kama ningerudishiwa ile kofia. Ningeingia kwenye boma ninywe chai, na siku hiyo nisitoe karatasi. Ningeuliza mahindi yaliyo nyuma ya jikoni ni ya nani na yalitoka wapi, na ningemngoja mwenyewe amalize kueleza, hata kama ni hadithi ndefu ya shangazi aliyekufa. Ningemwambia siku ya kampuni kuondoka itakuja, na akiniuliza ni lini, ningesema sijui na anayejua hatumjui. Wakiniita mtoto wetu, ningechelewesha kutoa kalamu, kwa sababu mtu hasomi vizuri karatasi aliyoletewa na mtoto wake. Pengine kwa njia hiyo ningepata sahihi chache. Pengine wangenifukuza kazi. Wewe utaona mwenyewe, una macho mazuri kuliko yangu.

Sasa jibu lako.

Jana nilikuwa nimeamua kukataa. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Nilitaka nisimame mbele ya bosi wako, majirani wakisikia, niseme hapana, Ndalu imekataa. Nilijisikia vizuri sana nikiyapanga hayo maneno, na kule kujisikia vizuri kukanishtua. Kilikuwa ni kile kichwa cha zamani kilichovaa kofia. Mtoto wa Njoroge ana karo ya kulipwa. Mama Rispa hawezi tena kukaa kwenye moshi wa stendi, na kibarua cha asubuhi kingemfaa. Labda wanataka. Labda wamepima wakaona afadhali miaka michache ya pesa, na baadaye ni baadaye. Mimi ni nani nikatae kwa ajili yao? Nikikataa kwa sauti watakataa kwa sababu yangu, na hilo litakuwa kosa lile lile limegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Kwa hiyo sitasaini kesho, na sitakataa kesho. Nitasaini wa mwisho. Bosi wako aende boma kwa boma bila mimi, asubuhi na mapema au wakati wowote anaotaka, na asitaje jina langu. Sitakaa kwa mtu kunywa chai. Nikiulizwa nitasimulia yale niliyokusimulia hapa, mazuri na mabaya, kisha nitanyamaza. Kila boma likisema ndiyo kwa akili yake, nitatia sahihi, kwa sababu boma moja likibaki nje linaharibu shamba la wote na sina haki ya kuwafanyia hivyo. Siku hiyo nitaenda nyuma ya jikoni niyang'oe yale mahindi na mizizi yake kwa mikono yangu. Ujanja wa ua la juu sitaurudia. Nitaumia, na mama yako sijui atanisamehe lini. Lakini boma moja tu likisema hapana, hata liwe la Mama Rispa na kipande chake cha bondeni, basi na mimi nimesema hapana, na sitamwendea jioni kumbembeleza.

Najua hili linakuweka pabaya. Uliniomba kitu kidogo cha kukuanzishia kazi, na ninakunyima nikijua majaribio yako hayajaisha. Kama watakurudisha nyumbani kwa sababu hiyo, lawama ni yangu na kitanda chako kipo. Nimekupenda siku zote kuliko nilivyojua kusema, na hii ndiyo mara ya kwanza kukupenda kumenifanya nikukatalie kitu ukiwa mtu mzima. Sijazoea.

Kesho bosi wako ataudhika. Huenda mkiwa garini akasema, huyu ni afisa wa namna gani ambaye hata baba yake mzazi ameshindwa kumsainisha. Usinitetee. Usimwambie nimezeeka, wala usimwambie utanirudia pole pole. Mwambie ni kweli, umeshindwa. Na ukifika Bumula ukashindwa na mama mmoja mwenye mstari mmoja nyuma ya jikoni yake, shindwa hivyo hivyo, maliza chai yake, umshukuru, uende.

Ninasikia pikipiki langoni na mama yako analalamika kwamba godoro limelowa. Ninaenda kuwapokea.

Baba yako,
Wekesa